Kijana wangu ana sindromu ya Down na anataka hoki ya barafuni. Aanzie wapi?

Swali: Hujambo mtaalamu. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 13 mwenye sindromu ya Down, tunaishi Tassia. Likizo iliyopita binamu zake walimpeleka kutazama watu wakiteleza kwenye barafu pale hotelini Barabara ya Mombasa, wakakuta vijana wakicheza hoki. Tangu hapo, kila jioni anasukuma kifuniko cha kopo sebuleni kwa ufagio, kisha anajisimamisha mlangoni kuwa kipa. Mwalimu wake anasema mchezo huo si wa watoto kama yeye, atavunjika shingo. Nyanya yake anasema baridi itamletea nimonia. Haongei vizuri, na alipasuliwa moyo akiwa mdogo. Mimi si mtu wa pesa nyingi. Je, anaweza kweli? Nianzie wapi? Mama J., Nairobi.

Jibu: Mama J., salamu kwako, na unisalimie nyanya yake pia. Ndiyo, mwanao anaweza kucheza hoki, na Mungu akijalia siku moja ataicheza barafuni. Ila barafu isiwe ndiyo mlango wa kuingilia. Kwanza kliniki, kisha sakafu, kisha wenzake wa kucheza nao, halafu ndipo barafu. Nausisitiza utaratibu huu kwa sababu katika kazi yangu ya tiba ya viungo kwa watoto nimeona wazazi wengi wa hapa jijini wakianzia mwisho. Wanalipia saa ya barafu, mtoto anavalishwa viatu vikubwa kuliko mguu wake, anaanguka, anaogopa, anavuliwa, na familia inarudi nyumbani ikiamini mtoto hawezi, ilhali hakuna aliyemwandaa.

Nianze na shingo, maana mwalimu hakuiokota hofu hiyo barabarani. Katika sindromu ya Down kano zinazoshikilia viungo huwa zimelegea, na pale tunapopahofia zaidi ni kwenye pingili mbili za kwanza za shingo, chini tu ya fuvu. Kano za hapo zikilegea kupita kiasi, pingili ya kwanza inaweza kuteleza juu ya ya pili na kubana mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka ndani ya uti wa mgongo. Watoto wengi wenye hali hii hawapatwi na jambo hilo. Kwa wachache linaowapata, mwili hutoa dalili, nawe kwa kuwa unamwona kila siku utazigundua kabla ya daktari: shingo kumuuma au kukakamaa, kichwa kuinama upande mmoja, mwendo kubadilika, kujikwaa kuliko zamani, mikono kuishiwa nguvu hadi anaangusha kikombe, au kuanza tena kujikojolea baada ya kuwa ameshaacha. Ukiona hata moja kati ya hizo, michezo yote isimame, hata ule wa sebuleni, na aonwe na daktari upesi.

Kama hana dalili yoyote, usikimbilie kulipia eksirei. Zamani watoto hawa walipigwa picha ya shingo kwa mazoea. Siku hizi madaktari wa watoto wa Marekani hawaipendekezi kwa mtoto asiye na dalili, kwa kuwa picha safi ya leo haisemi lolote la uhakika kuhusu mwaka ujao. Kinachotakiwa ni daktari amkague kwa mikono: nguvu za mikono na miguu, anavyotembea, anavyogeuza shingo. Huo ndio ukaguzi ambao Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, nao wanautaka kabla mwanamichezo mwenye sindromu ya Down hajashiriki. Asifanye sarakasi za kupinduka kichwa chini, na asivutwe wala kusukumwa shingo kwa mzaha. Na kwa kuwa tumelifikia jambo hili, siku yoyote atakapohitaji dawa ya usingizi, hata kwa jino tu, mkumbushe daktari kuhusu shingo yake. Hilo halihusiani na hoki, lakini sitaki likupite.

Moyo ndio swali ambalo mimi siwezi kulijibu nikiwa huku. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi waliofanyiwa upasuaji wakiwa wadogo hucheza vizuri tu. Lakini ruhusa itoke kwenye kliniki yake ya moyo. Usiulize kwa ujumla kama anaweza kucheza, maana utajibiwa kwa ujumla. Uliza hivi: je, anaruhusiwa kukimbia mpaka aheme? Kuna kikomo chochote? Ni dalili gani ikitokea uwanjani nimtoe mara moja? Omba jibu kwa maandishi, kwa sababu kocha yeyote makini atalitaka. Siku hiyohiyo uliza kuhusu tezi ya shingo (thairoidi). Kwa watoto hawa mara nyingi hufanya kazi chini ya kiwango, mtoto anachoka na kuonekana mvivu, kumbe anahitaji kipimo cha damu na dawa. Macho nayo yapimwe. Mtu asiyeona vizuri mita kumi mbele hawezi kufuata kitu kidogo kinachokwenda kasi, na wengi wamewahi kuambiwa ni wazito wa kuelewa kumbe hawaoni.

Moyo wa mtu mwenye sindromu ya Down, hata ulio mzima kabisa, kwa kawaida haupandi kasi kama wa wenzake anapojitahidi. Atachoka mapema. Katika soka hilo humfanya aachwe nyuma dakika ya kumi na kuonekana hafai. Hoki imejengwa tofauti: hata wachezaji wa kulipwa wa Kanada hukaa uwanjani chini ya dakika moja hivi, kisha wanarudi benchi na wengine wanaingia, mechi nzima. Kutoka na kuingia si aibu, ndiyo mchezo wenyewe. Katika michezo yote ya timu ninayoijua, sijaona mwingine unaomkubali mtu wa pumzi fupi bila kumbadilishia kanuni hata moja. Nikikutana na mzazi anayedhani hoki ni kali mno kwa mtoto wake, hapo ndipo napoanzia.

Kwa nyanya yake nina maneno ya heshima, kwa sababu sehemu ya hofu yake ni ya kweli. Watoto wenye sindromu ya Down hushikwa na magonjwa ya kifua kwa urahisi zaidi, na huenda amewahi kumbeba huyu mjukuu hospitalini usiku. Hata hivyo nimonia huletwa na vimelea, haitoki kwenye barafu. Uwanjani cha kuangalia ni asibaki na jasho linalompoza mwili. Mvalishe fulana nyepesi ndani, sweta juu, glavu, na ubebe fulana nyingine kavu ya kubadilisha kabla hamjatoka nje kupanda matatu. Akiwa na mafua au kifua kinakoroma, siku hiyo asiende. Kama ana pumu, hewa baridi inaweza kuiamsha, basi kivuta dawa kiwe mfukoni mwako.

Sasa, ipo hoki ya barafuni iliyorekebishwa kwa ajili ya watu kama mwanao. Ni nini hasa? Watu huichanganya na ile ya Paralimpiki ambayo wachezaji hukaa kwenye kigari kidogo chenye vyuma viwili chini na kujisukuma kwa magongo mawili mafupi. Ile ilianzia Stockholm, Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaingia Paralimpiki mwaka 1994 kule Lillehammer, na ni ya watu wenye ulemavu wa miguu. Mwanao ana miguu yake. Yeye inamfaa hoki ya kusimama, inayochezwa na watu wenye ulemavu wa akili, usonji na hali nyingine za ukuaji. Imeenea sana Kanada na Marekani, na huko Marekani ina chama chake, American Special Hockey Association, tangu mwaka 2000.

Barafu ni ileile, gongo ni lilelile, na vifaa vya kujikinga ni vilevile kuanzia kichwani. Kinachobadilika ni jinsi watu wazima wanavyoupanga mchezo. Wachezaji hupangwa kwa uwezo badala ya umri, hivyo kijana wa miaka 20 anayejifunza kusimama anaweza kuwa kundi moja na mtoto wa miaka 9. Hakuna kugongana miili. Wasaidizi huingia barafuni pamoja na wachezaji, wengine wakiwa vijana wa timu za kawaida. Wale wa hatua za mwanzo wanaweza kutumia paki (kile kisahani cha mpira kinachopigwa kwa gongo) nyepesi ya buluu ya gramu kama 113, wakati ile nyeusi ya kawaida hufikia gramu 170. Honi ya goli huweza kuzimwa kwa ajili ya wenye usonji ambao kelele ya ghafla huwaumiza masikio. Na makocha wa timu zote mbili hukubaliana wanaoingia pamoja wawe wanalingana, ili anayetembea polepole akutane na anayetembea polepole. Hilo la mwisho halionekani na mtazamaji, lakini mchezo mzima umelisimamia. Likikosekana, kijana mmoja mwepesi atafunga magoli yote na waliobaki watakuwa wapambe wake.

Turudi Nairobi, na sebuleni kwako. Ufagio na kifuniko cha kopo: mwanao hakujua, lakini karibu abuni mchezo ambao Special Olympics wamekuwa nao kwa miongo mingi, hoki ya sakafuni. Katika mchezo huo gongo halina kona mwishoni, ni mti mnyoofu tu. Na kinachosukumwa ni duara bapa la kitambaa kizito lenye tundu katikati. Mchezaji anaingiza ncha ya gongo kwenye tundu na kuliburuta duara kokote atakako. Mtu yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto mwenye misuli milegevu atatambua mara moja uzuri wa tundu lile: duara halimkimbii. Ana muda wa kutazama, kuamua, na kusukuma.

Kifaa hicho utakitengeneza mwenyewe. Chukua mpini wa ufagio au wa mopu, mwombe fundi seremala aukate umfikie kifuani, ausugue usiwe na vibanzi, kisha mfungie ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isichome mtu wala kukwaruza sakafu. Duara likate kwenye zulia kuukuu, upana wa sentimita 20 hivi na tundu la sentimita 10 katikati, shona tabaka mbili au tatu pamoja. Goli ni viti viwili vya plastiki. Gharama yake haifiki nauli ya kwenda na kurudi mjini kwa familia.

Akishazoea, kuna ngazi ya pili, flobo (kwa Kiingereza floorball): gongo jepesi la plastiki lenye kona, na mpira mwepesi wenye vitundu, wa gramu 23 tu. Special Olympics waliuonyesha mchezo huu kwenye michezo yao ya dunia ya majira ya baridi kule Pyeongchang mwaka 2013, na kufikia ile ya Austria mwaka 2017 ulikuwa mchezo rasmi. Wanacheza watatu na kipa kila upande, kwenye uwanja mdogo wa mita 20 kwa 12. Ukumbi wa shule au wa kanisa unatosha, na kiwanja cha saruji cha netiboli hata zaidi. Ndiyo maana michezo ya baridi haiachi nje nchi zisizo na theluji. Wasiliana na Special Olympics Kenya, uulize ni shule au klabu gani ya karibu na Embakasi ina mazoezi ya flobo. Mwanao wa miaka 13 anastahili kushindana, kwani umri wa chini ni miaka 8, na mwanamichezo hatozwi ada ya kujiunga.

Namna ya kufundisha ni muhimu kuliko vifaa, na wewe ndiwe mwalimu wake wa kwanza. Umesema haongei vizuri. Kutoongea vizuri na kutoelewa ni mambo mawili, na kwa watoto wenye sindromu ya Down mara nyingi kuelewa kuko mbele sana ya kusema. Wanajifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Kwa hiyo mwonyeshe, usimhutubie. Chagua maneno matatu, kwa mfano “inama”, “sukuma”, “simama”, nayo yawe yaleyale kwako, kwa baba, kwa binamu na kwa kocha. Kama nyumbani mnasema Kikamba au Kijaluo, au binamu wanamsemesha Sheng, chagueni lugha moja ya mchezo muishikilie. Sema neno mara moja, kisha subiri. Hesabu moyoni hadi kumi. Hii subira ndiyo ngumu kuliko yote kwa sisi watu wa Nairobi tuliozoea kukimbizana. Mtoto anaichakata amri, mwili unajipanga, anakaribia kuanza, nasi tunairudia amri kwa sauti ya juu zaidi, na yeye inabidi aanze upya.

Nikupe mfano. Kwenye ukumbi wa shule moja upande wa Eastlands kulikuwa na msichana mwenye usonji aliyeletwa mazoezini na kukaa ukutani, mikono masikioni, wenzake wakicheza. Walimu walishasema hapendi michezo. Nilipomtazama vizuri, mikono haikuwa masikioni muda wote. Ilipanda kila filimbi ilipokaribia kupulizwa. Alikuwa ameshaisoma mikono ya kocha. Tukaiondoa filimbi, kocha akawa anainua kitambaa cha manjano kusimamisha mchezo. Msichana aliendelea kukaa ukutani kwa muda, kisha duara likaja likasimama miguuni pake. Akaliangalia, akainuka, akachukua gongo la mwenzake aliyekuwa amekaa, akalirudisha duara uwanjani kwa msukumo mmoja mzuri, akaketi tena. Mazoezi yaliyofuata alikuja na gongo lake mkononi tangu langoni. Nakuomba uwe na jicho la namna hiyo kwa mwanao: akikataa jambo, tafuta kwanza kinachomkera kabla hujasema hataki.

Na usimwache acheze peke yake muda mrefu. Hao binamu zake ni hazina. Special Olympics wana utaratibu wa kuchanganya timu moja wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao, na pale ndipo nimeona urafiki wa kweli ukizaliwa. Waambie tu binamu jambo moja, kwamba wasimwachie afunge. Wacheze naye kwa kasi anayoiweza, lakini goli alitafute mwenyewe. Vijana hawa wanajua sana wanapodanganywa.

Sasa barafu. Uwanja ule waliouona kwenye hoteli ya Panari ulifunguliwa mwaka 2005, wa kwanza katika ukanda huu wa Afrika Mashariki na Kati, na ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki ambao huwa na urefu wa mita 60. Humo ndimo timu ya Kenya Ice Lions ilipokulia. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Nakutajia haya ili ukisikia tena kwamba huu ni mchezo wa watu wa mbali, ujue Wakenya wameshaucheza mpaka ukawafikisha huko. Piga simu hotelini kabla ya kwenda. Uliza kama barafu ipo, maana kuitunza kunategemea mitambo na umeme, na uliza saa ipi huwa na watu wachache zaidi. Asubuhi ya siku ya kazi wakati wa likizo ni bora kuliko Jumamosi alasiri iliyojaa sherehe za kuzaliwa na muziki. Mpe kocha au msimamizi taarifa mapema kwamba unakuja na kijana mwenye sindromu ya Down. Usiombe hisani, mweleze tu anachohitaji.

Kabla ya siku hiyo mfundishe kuanguka. Fanyeni sebuleni juu ya mkeka au godoro. Magoti yainame, mikono iende mbele, aketi polepole upande mmoja wa nyonga, kidevu kikiwa kifuani ili kisogo kisigonge chini. Vidole avikunje ngumi, kwa sababu barafuni vidole vilivyotandazwa vinaweza kukanyagwa na chuma cha kiatu cha mtu mwingine. Kisha kuinuka: ageuke apige magoti, ainue mguu mmoja ukanyage, aweke mikono yote miwili juu ya goti hilo, asukume, asimame. Mtoto mwenye misuli milegevu atataka kukutegemea wewe umvute mikono. Usimvute. Simama karibu, mwonyeshe mguu wa kwanza kwa kuugusa, usubiri. Akiweza kuanguka na kuinuka mwenyewe bila woga, sehemu kubwa ya kazi ya barafuni imeshafanyika.

Viatu nitavieleza kwa kirefu, maana huharibu siku kuliko barafu yenyewe. Miguu ya watoto wenye sindromu ya Down mara nyingi ni mifupi na mipana, nyayo bapa, na kifundo kinachoangukia ndani. Wahudumu wakiona mguu mpana hutoa saizi kubwa, kisigino kinaogelea ndani, na mtoto anasimama kwa kifundo chake badala ya kusimama kwa chuma. Mvalishe soksi moja nyembamba, si mbili nene. Mwambie agonge kisigino chini kwanza ili kirudi nyuma ya kiatu, ndipo ufunge. Kamba ziwe za wastani kwenye vidole, zikazwe sana katikati pale mguu unapopinda, kisha zilegee kidogo juu ili goti liweze kuinama. Msimamishe kwenye zulia la mpira lililo kando ya barafu, utazame kwa nyuma. Vifundo vikiwa wima, sawa. Vikilala ndani, vua, mbadilishe. Usione haya kumrudia mhudumu mara ya tatu.

Siku ya kwanza asiguse gongo. Ashike ukuta au kile kifaa cha kujishikiza ambacho watoto husukuma mbele yao, atembee hatua fupi, vidole vya miguu vikielekea nje kidogo, atoke akiwa bado anataka kurudi. Dakika 20 zinatosha. Helmeti avae tangu hatua ya kwanza. Ukipata ya mitumba, ichunguze isiwe na ufa wala sponji iliyopasuka, na ujue ya baiskeli si mbadala mzuri: imetengenezwa kwa pigo moja kubwa, ilhali ya hoki imetengenezwa kuhimili mapigo mengi.

Kama barafu haipo au bei imekushinda, usidhani safari imeishia hapo. Viatu vya magurudumu vinafundisha mizani ileile, na vijana wa Nairobi wamevizoea. Utawaona Jumapili kwenye maegesho ya magari yaliyo tupu. Saruji haina huruma, kwa hiyo hapo ongeza vikinga magoti, viwiko na viganja. Hoki ya magurudumu ni mchezo kamili, na wachezaji wetu wa barafuni nao huutumia.

Kuhusu shule. Mwalimu amesema kwa kujali, nami ningeanza kwa kumpelekea ile barua ya kliniki ya moyo na kumwonyesha lile duara la zulia. Wengi hubadilika wakiona. Lakini ujue pia unaposimamia. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia ipasavyo mahali pote, usafiri wa umma na habari. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, na umeitaja shule waziwazi. Kwa hiyo shule ikisema akae kando wakati wa kipindi cha michezo, omba sababu kwa maandishi. Kama bado hujamsajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, fanya hivyo; kadi hiyo itakusaidia mahali pengi zaidi ya uwanjani. Na watafute wazazi wawili watatu wa darasa lake. Mzazi mmoja akiomba ukumbi Jumamosi huambiwa tutaona. Wanne wakiomba pamoja, wakiwa na viti vyao na magongo yao, ni vigumu kuwafukuza.

Umebaki ule ukipa. Nimefurahi kuusikia, kwa sababu mtoto anayechagua nafasi ameuelewa mchezo. Sakafuni mruhusu mara tu kliniki ikikubali. Duara la zulia halina hatari kubwa, ila mpira wa flobo, ingawa ni mwepesi, unaweza kuumiza jicho, basi hapo avae kinga ya uso. Na golini hakimbii sana, jambo linaloufaa moyo wake. Tazama tu asiwe kipa kwa sababu wenzake hawataki kumpasia; kila mazoezi acheze nje pia kwa muda. Barafuni ukipa usubiri hadi aweze kuteleza, kusimama na kuinuka bila msaada, kwa kuwa vifaa vya kipa ni vizito na mtu akianguka navyo kuinuka ni kazi. Siku hiyo ikifika, usikubali aingie golini bila wavu wa uso na kinga ya koo, hata kama wanaopiga ni watoto wadogo na paki ni ile nyepesi. Kabla ya hapo, ukishapata majibu ya kliniki, niandikie kimo chake na saizi ya kiatu, nikueleze urefu wa gongo la flobo utakaomfaa.